Fundo la Njia ya Mtoni

Papa Furaha, mume wangu uliye mbali,

Safari hii sikubandika bahasha. Tangu askari wakuchukue, kila barua ninayokuandikia hufunguliwa ofisini, husomwa, kisha hufungwa tena vibaya, na zako vivyo hivyo. Nimechoka kuwasumbua kwa gundi. Hii naituma wazi. Nimeshamsomea Mama Kibira na wanawake wa kambini, na katekista ameomba ainakili ili isomwe hata kule Mubi kwenye maduka. Asome anayetaka. Yaliyomo yalitendeka mchana, mbele ya watu, sina la kuficha.

Kwanza salamu. Furaha ni mzima. Ananifikia begani sasa. Amechukua pua yako na, kwa bahati mbaya, ubishi wako. Mwalimu wake ameniita tayari kunilalamikia. Mimi nami nipo. Mgongo unauma, lakini bado napokea watoto wa watu pale dispansari, na wengi wanalia vizuri wakitoka. Barua yako ya mwisho niliisoma nikakasirika. Ukurasa mzima, na neno lenye maana ni moja tu: vumilia. Najua hawakukuacha useme mengine. Lakini ukiniandikia tena vumilia, nitaipeleka jikoni niwashie moto. Nimevumilia hadi nimeanza kujichukia.

Ninachotaka kukueleza ni kwa nini bado uko huko. Wakubwa walinipa njia ya kukurudisha nyumbani, nami sikuifuata walivyotaka. Ndiyo, mimi mkeo. Kabla hujapandisha sauti, kaa chini unisikilize toka mwanzo, maana mengine unayajua na mengine huyajui, na wanaosoma kabla yako hawajui hata nusu.

Unakumbuka tulivyoteremka kutoka Nyamitaba? Ndoa yetu ilikuwa changa, vita vya Wazungu vimekwisha juzijuzi, na wewe ulikuwa umetoka shule ya wauguzi na kaptula nyeupe ambayo hukutaka iguswe. Uliifunga ndani ya karatasi ukaikalia, ikafika Walikale imekunjamana kuliko nguo zangu zote. Mimi nilibeba mbegu za maharagwe za mama yangu na chungu kimoja. Mama yako kule Lushebere alikuwa ametuonya kwamba msituni watu hawaoni jua. Lori lilipoingia chini ya miti nilishikwa na woga nikakuuliza jua la huku liko wapi. Ukajibu, "Iko juu ya miti, inatungojea." Nilikupenda sana siku ile. Baadaye nilipanda yale maharagwe yakaoza yote kwa unyevu, ukacheka, nikakununia.

Direkta wa Kampuni ya madini alitupokea kwenye baraza ya nyumba yake, miguu juu ya kiti. Alikuambia kazi yako kwa maneno machache, akikuita muuguzi kwa neno lao. "Enfirmie, hapa kazi yako iko moja. Muntu akiugua, alale kidogo, arudi kazini mbio." Ulisema ndiyo Bwana. Nilidhani umekubali. Sikujua bado kwamba ndiyo Bwana yako ina milango mingi.

Dispansari ilikuwa vyumba viwili vya tofali mbichi, kimoja cha wanaume wa kazi, kingine changu cha wanaojifungua. Nilikusikia kupitia ukutani kila siku. Wauguzi wengine niliowaona Masisi walimuuliza mgonjwa anaumwa wapi. Wewe ulianza na alikunywa nini, alilala wapi, nani mwingine nyumbani kwake anaumwa. Wagonjwa walikuona mdadisi. Na Direkta alipokuja asubuhi kuhesabu vitanda, ulisimama mlangoni na kile kimo chako kifupi, ukamzuia bila kumzuia.

"Huyu anaweza kusimama," akasema siku moja akimnyooshea fimbo kijana mmoja wa kuosha madini.

"Kusimama anaweza, Bwana. Kurudi jioni njo hataweza."

Aliondoka akikutukana kwa Kifaransa. Nawe ukaingia kwangu ukaomba maji. Wengi wanadhani hukuogopa. Mimi niliyekushikia kikombe najua uliogopa kila mara.

Kisha wakapata madini juu ya mto. Hapo ndipo kila kitu kilipoharibika. Mwanzoni waliosha mawe chini ya kambi, na wanawake tuliteka maji juu. Walipohamisha kazi juu, mashimo, majembe, wanaume na vyoo vyao vya kuchimba haraka ukingoni, vyote vikawa juu yetu, na sisi tukabaki kuteka palepale chini. Maji yakawa rangi ya chai ya maziwa. Sheria ya Serikali ilikuwapo. Wewe ndiye uliyenifundisha. Ilisema kambi ya Kampuni iwe na maji yaliyolindwa, yanayotoka juu ya kazi. Ilikuwa imebandikwa hata ukutani dispansari, karibu na picha ya mbu.

Watoto wakaanza kuhara damu. Riziki wa Papa Kibira alikuwa wa kwanza niliyemjua kwa jina, maana nilimpokea mwenyewe akizaliwa. Papa Kibira, kwa wasiomjua, ni mtu wa msitu huu huu, mwindaji aliyegeuka muosha madini, na mkewe ndiye rafiki yangu wa kwanza hapa. Baada ya Riziki wakafuata wengine. Mama zao nao walikuwa wamelala hoi, hawana nguvu ya kuosha maiti, basi tukaosha sisi. Wewe uliwaosha wakubwa, mimi wadogo. Ulikuwa ukitoka nje unakwenda kusimama mbele ya ile karatasi ya sheria, unaisoma tena kama vile safari hii itasema jambo jingine.

Daktari wa Serikali alipokuja, tulishukuru Mungu. Unakumbuka? Alifika na buti zake hadi mtoni, akainama, akanusa, akaona vyoo. Uso ulimwiva. Akasema mbele ya watu wote, na mbele ya Direkta, "Bomba itoke chemchemi ya mulimani. Mbele ya mvua kubwa." Wanawake tulipiga vigelegele. Mama Kibira alimpa kuku.

Akalala kwa Direkta. Hakuna nyumba nyingine ya kumlaza Mzungu hapa, simlaumu kwa kitanda. Lakini asubuhi akatoka amevaa viatu vya kawaida, anasema, "Tutaangalia." Kampuni ilikuwa imemweleza kwamba madini yanahitajika sana, kwamba mabomba ni ghali, kwamba wanawake wakichemsha maji hakuna shida. Basi amri ya bomba kabla ya mvua kubwa ikawa ushauri wa kuchemsha. Wewe ukapita nyumba kwa nyumba ukihimiza watu wachemshe. Na kuni je? Msitu wote unaotuzunguka ulikuwa wa Kampuni. Mlinzi wake alimkamata Mama Kibira na mzigo wa matawi akamnyang'anya panga. Uliporipoti hilo, Direkta alikuuliza unakula kwa nani.

Daktari alijua, Papa Furaha. Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo. Angekuwa mjinga ningemwonea huruma. Alijua kuliko sisi, alituonyesha kwa kidole chake mwenyewe, kisha akajifanya hajui. Kila alipokuja alisogeza ile tarehe ya bomba mbele, na kila alipoisogeza tulikuwa tumeshachimba makaburi mapya.

Siku ile Papa Kibira alipokuja dispansari mimi nilikuwa nafua vitambaa nje, nikasikia yote.

"Enfirmie," akakuambia, akiiita Serikali kwa jina la wazee, "Bulamatari iko na sheria yake, Kampuni iko na yake. Siye pia tuko na yetu. Funga maji."

Uliruka kitini. "Ile ya makuti? Kwetu milimani pia iko! Tunafunga njia, muntu hapiti."

"Njo vile. Lakini funga weye. Mukono yako njo imegusa maiti ya iyi maji."

Kwao ndivyo ilivyo, nawaeleza wanaosoma: anayefunga sharti awe amewagusa waliouawa na kitu kile, na anayefungua ni yeye mwenyewe au mtu mzima wa nyumba yake, hakuna mwingine. Mkaenda wawili na makuti machanga ya mchikichi. Nilikufuata nyuma. Ulipiga ishara ya msalaba kwanza, katekista akakukazia macho, ukamwambia Mungu anayajua makuti pia. Ukafunga fundo kati ya nguzo mbili, pale njia ya wanawake inapofika mtoni. Ulirudi nyumbani ukapiga mluzi, kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu Riziki.

Asubuhi ngoma ya kazi ikalia. Wanaume wakachukua majembe, wakapanda hadi kwenye mashimo, wakafika ukingoni, wakasimama. Hakuna aliyetia mguu majini. Nyapara akapiga kelele, hawakusogea. Direkta akaja akicheka. Wewe ulikimbia hadi kule unahema.

"Hapana! Mimi nimefunga maji ya kunywa tu! Njia ya wamama!"

Papa Kibira alikutazama kwa mshangao mkubwa. "Maji inafungwa nusu namna gani?"

Kwenu Lushebere fundo la makuti hufunga njia lilipofungwa, basi. Kwao fundo hufunga mto, toka unapoanzia hadi unapoishia: kunywa, kuvua, kuoga, hata kukanyaga. Kila mmoja alidhani ya mwenzake ni kama ya kwao. Wanaume wawili wazima, na hakuna aliyeuliza! Nilikaa chini nikacheka hadi machozi, Mungu anisamehe, na nikicheka vile nilishaona kwamba tumekwisha. Wewe na haraka yako. Wewe uliyewauliza wagonjwa hadi walilala kwenye mkeka wa nani, siku hiyo moja hukuuliza kitu.

Lakini ungeweza kufungua pale pale. Direkta alikuambia fungua, kwa upole kabisa, kazi iendelee. Ukamtazama, ukawatazama wale wanaume wamesimama na majembe makavu, ukaelewa ulichokuwa nacho mkononi. Nilikuona ukielewa. Ukasema, "Nitafungua, Bwana. Siku bomba itafika toka chemchemi."

Kosa la asubuhi likawa neno lako. Kazi ikasimama siku ile na zilizofuata, na Kampuni ikaandika kwa Serikali kwamba muuguzi wake anaongoza mgomo na uchawi pamoja. Hawakuandika maji. Askari walikuja kukuchukua unachoma sindano. Ulimaliza ile sindano, ukaosha mikono. Nikakufuata hadi Mubi na Furaha mgongoni. Umeketishwa juu ya lori, mikono imefungwa, watu wamejaa barabarani, nami nikakaribia nikingoja uniambie neno la kukaa nalo. Ukainama ukasema, "Wambie wachemshe maji. Hata ya chemchemi."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kinywani mwako. Nimekuwa nayo miaka yote hii. Wanawake wengine wameachiwa maneno ya mapenzi.

Kampuni ilikata makuti yako kwa panga siku hiyohiyo. Haikusaidia. Kwa watu wa hapa, fundo lililokatwa bado limefungwa, maana hakuna aliyelifungua. Wakaleta wafanyakazi wa mbali wasiojua desturi hii, wakawatia majini, na wanaume wa hapa wakapewa kazi ya barabara. Lakini wanawake hawakurudi kuteka mtoni, wala hawakuwaacha wanawake wa wageni wateke. Waliwaeleza, wakawaonyesha njia ya chemchemi. Mlima ule unaujua. Tunapanda na mitungi, wengine na mimba, njia inateleza kwa mvua, tunashuka magoti yanaimba. Nimepokea watoto wawili kwenye njia ile. Lakini watoto wanaishi, Papa Furaha. Mgonjwa mmoja mmoja bado yupo, ila kile kilio cha kila wiki kimekoma. Fundo lako limefanya hivyo, na migongo yetu.

Sasa njoo kwenye yale usiyoyajua.

Msimu huu Kampuni imejenga bomba katikati ya kambi. Saruji safi, mfereji unaong'aa, maji yanatoka mbele ya mlango wa mtu. Wanasema wageni wakubwa watakuja kutoka Ulaya kutazama jinsi watu weusi wanavyotunzwa. Lakini tangu lifunguliwe hakuna mwanamke aliyeteka hata kikombe. Waliuliza kwa nini, wakaambiwa mto bado umefungwa, na hakuna aliyewahakikishia kwamba bomba hili si la mto. Basi wakaniita.

Ofisini walikuwa watatu: Bwana wa Serikali, Direkta, na yule Daktari, ameota mvi sasa. Bwana wa Serikali ndiye aliyesema. "Mama, weye iko muntu wa nyumba yake. Fungua ile kitu mbele ya watu wote. Ukifungua fundo ya bwana yako, bwana yako atarudi. Mimi mwenyewe nitaandika."

Nilishika meza. Sikutaka waone, lakini nilishika meza.

Kisha ule udadisi wako, ambao nadhani uliniambukiza, ukanitoka mdomoni. Nikamgeukia Daktari. "Dokta, iyi bomba inatoka wapi?"

"Tutatia dawa ndani ya maji, Mama."

"Miye nimeuliza inatoka wapi."

Akatazama dirisha. "Miye pia nilipenda itoke chemchemi. Lakini njia ya chemchemi inapita pahali Kampuni inataka kuchimba."

Direkta akamkatiza kwa Kifaransa. Daktari hakuwa anadanganya. Si mtu mbaya; siku moja alikaa nami hadi asubuhi kwa mzazi aliyekuwa anatoka damu, akamwokoa. Ndiyo maana nina hasira naye kuliko na Direkta. Direkta anafanya kazi yake ya kutafuta madini. Huyu ya kwake ni kazi gani?

Nilifuata lile bomba kwa miguu yangu. Lilipita nyuma ya nyumba, likapanda kidogo, likaingia vichakani, na pale kwenye kona ya mto likazama ndani. Juu yake nilisikia majembe. Niliona povu jekundu likiteremka na kuingia kwenye mdomo wa bomba. Mto uleule, chini ya mashimo yaleyale, ila sasa umevalishwa saruji. Na dawa yao ya kutia ndani? Mimi ni mtu wa dispansari. Najua siku ngapi tumewaambia wagonjwa dawa haijafika.

Nilirudi nikajilaza. Nakuambia ukweli, na wanaosoma wausome: nilikutaka. Nilitaka ufungue mlango, uvue viatu katikati ya nyumba nikukemee. Nataka mtu wa kugombana naye. Nimekuwa nikilala na mtoto na hasira, na mtoto amekua, imebaki hasira. Nilijiambia nifungue tu, urudi, halafu tutapigania maji tukiwa wawili. Ilionekana akili nzuri kabisa.

Sifa alikuja kuniona, yule binti niliyempokea mtoto njiani mlimani. "Mama Furaha, fungua basi. Mugongo yetu imeisha. Na weye urudishiwe bwana." Ana haki ya kuchoka. Mama Kibira naye alikaa jikoni kwangu akimenya ndizi, hakutaja Riziki hata kidogo. Alisema tu, "Bwana iko wako. Hatutakusema, ukifungua ao usipofungua." Ingekuwa rahisi kama wangenigombeza.

Siku yenyewe wakapamba. Bendera, nguzo mbili mbele ya bomba, watoto wa shule wanaimba, Furaha wetu akiwa mstari wa mbele. Na juu ya mfereji, hutaamini, karani wa Kampuni alikuwa amefunga makuti mapya ya mchikichi, na utepe mwekundu juu yake, kama zawadi ya arusi. Walidhani ndilo fundo. Nilicheka kwa sauti, na Direkta akacheka nami, akifikiri nimefurahi. Akahutubia jinsi Kampuni inavyowapenda watoto wetu. Daktari akasimama akasema machache sana. Kisha wakaniita.

Nilivua ule utepe nikampa Furaha afungie nywele. Nikachukua yale makuti mikononi, nikasema kwa nguvu, ili hata walio nyuma wasikie:

"Fundo ya bwana yangu, ile alifunga njia ya mutoni, miye muntu wa nyumba yake nimeifungua. Imeisha. Papa Furaha hana tena fundo hapa. Mumesikia?"

"Tumesikia!" watu wakaitika. Bwana wa Serikali alipiga makofi. Wanawake wengine walianza kushusha mitungi, na Sifa alikuwa ameshapiga hatua kuelekea kwenye mfereji.

"Sasa musikie ingine. Mukono yangu iyi iliosha batoto ya iyi maji. Riziki na wenzake, bote munawajua. Nimefuata bomba mupaka mwisho. Inakunywa mu ile mto, chini ya mashimo."

Nikayanyoosha yale makuti ya karani, mabichi, mazuri, nikayafunga kati ya zile nguzo mbili za bendera, mbele ya mfereji. Fundo la kwao, si la kwetu. Mama Kibira alinifundisha zamani, maana mimi niliuliza. Hakuna aliyepiga makofi. Watoto waliacha kuimba. Kisha Mama Kibira akajitwisha mtungi wake akashika njia ya mlima, wengine wakamfuata. Sifa alinikata jicho la hasira ambalo sitalisahau, akachukua mtoto wake na mtungi wake, akaenda nao. Bado hanisalimii.

Daktari alinipita akielekea gari, akasimama, akafungua mdomo, akaufunga. Labda siku moja atasema. Mimi sitamngoja.

Wameniita ofisini. Nakwenda asubuhi. Furaha atakaa kwa Mama Kibira, na wakinihamisha atapelekwa kwa mama yangu Nyamitaba. Mbegu za maharagwe nimemfungia, huko hazitaoza. Wajawazito wangu wawili walio karibu kujifungua nimewakabidhi kwa mkunga wa misheni. Naogopa, nipo kama wewe ulivyokuwa ukiomba kikombe cha maji, ila leo hakuna wa kunishikia kikombe.

Na ninyi mnaosoma kabla yake, maneno haya ni yenu. Mlisema nikifungua fundo la mume wangu, mume wangu atarudi. Nimelifungua, kambi nzima ni shahidi, na Bwana wa Serikali alipiga makofi. Timizeni. Lililoko pale sasa ni langu, yeye halimhusu. Kama mnataka nalo lifunguliwe, desturi mnaijua: ni mimi, au mtu mzima wa nyumba yangu. Mimi sifungui hadi bomba litoke chemchemi. Na mtu mzima wa nyumba yangu ni mmoja tu duniani, mnaye ninyi.

Basi wakulete, Papa Furaha, ufungue. Ukifika, pitia nyumbani kwanza ule. Kisha uende pale kwenye mfereji, mbele yao wote, uwaulize bomba linatoka wapi.

Nakusubiri kwa hasira na kwa mapenzi yangu yote,

Mkeo,
Mama Furaha